Atakuwa keshaondoka: namna ya kukisia yaliyopita kwa Kiingereza

Boti ya asubuhi ya kwenda Pemba imeshang'oa nanga bandarini Malindi, Unguja, na Khamis hapokei simu. Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema, "Huenda kalala." Kaka mtu anasema, "Aa, atakuwa keshapanda." Shangazi anakata, "Hakosi kuwa simu imemzimikia." Na bibi, aliyemsikia akifungua mlango alfajiri, hataki hata kusikia habari ya usingizi: "Hawezi kuwa kalala huyo, mie nimemsikia akitoka." Sentensi nne, kila moja na uzito wake, na hakuna aliyesita kuitunga ya kwake.

Sasa mwambie mmoja wao, aliyemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kizuri tu, azigeuze. Utapata "He may slept", "He will be already entered the boat", "His phone must off", na kwa ile ya bibi, "He mustn't sleep". Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana ni Kiingereza sahihi kabisa. Ila inasema jambo jengine: ni marufuku Khamis kulala.

Kinachowaangusha si msamiati. Ni kwamba katika kukisia jambo lililopita mna nyakati mbili kwa mpigo. Kuna wakati wa jambo lenyewe, alfajiri ile au jana, na kuna wakati wa kukisia, ambao ni sasa hivi, hapa ukumbini. Kiswahili kimezitenga kazi hizo mbili. Neno la kukisia husimama nje ya kitenzi, na kitenzi hubaki na kiambishi chake cha wakati: huenda alilala, huenda amelala, huenda atalala. "Huenda" haikuguswa, kilichobadilika ni li, me na ta.

Kiingereza nacho kina njia hiyo, na ni njia halali: "Maybe he slept", "Perhaps he has slept". Unatanguliza "maybe" au "perhaps", kisha unasema sentensi yako ya kawaida. Mwanafunzi aliyebanwa na muda kwenye chumba cha mtihani na apite hapo, hakuna atakayemkosoa. Aangalie tahajia tu: "maybe" la neno moja ndilo labda, na "may be" la maneno mawili ni kitenzi, kama katika "He may be asleep".

Mambo hugeuka pale kukisia kunapoingia ndani ya kitenzi chenyewe kwa kutumia visaidizi: "may", "might", "could", "must", "can't". Visaidizi hivi vina masharti mawili. La kwanza, kitenzi kinachofuata huja kikavu, bila "-ed", bila "-s", bila "to". Ndiyo maana "may slept" haisimami. La pili, visaidizi hivi vyenyewe havina umbo la jana. Hapa wengi hushangaa, maana tulifundishwa skuli kuwa "might" ni wakati uliopita wa "may". Zamani ilikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha kale "might" lilikuwa umbo lililopita la kitenzi kilichozaa "may" ya leo, na "must" lilitokana na "moste", umbo lililopita la kitenzi "motan" ambacho kimeshakufa. Maumbo hayo yalihama polepole yakaanza kusemea sasa, na yalipohitajika tena kwa kazi ya jana, nafasi yao ilikuwa tupu.

Basi pahala palipobaki pa kutundika wakati uliopita ni baada ya kisaidizi, na kinachotundikwa ni "have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, lile la mwisho katika "go, went, gone". Kisaidizi, "have", umbo la tatu: "He may have slept". Neno "may" linabeba sasa, yaani ninavyokisia mimi. "Have slept" inabeba alfajiri.

"Have" hii haina uhusiano na kumiliki kitu, wala haigeuki "has" kwa ajili ya mtu wa tatu. Anayeandika "She must has gone" amekumbuka "She has gone", akasahau kuwa mbele yake kuna kisaidizi, na baada ya kisaidizi hakuna "-s". Na anayeandika "She must have went" ameokota umbo la pili badala ya la tatu. Vitenzi vinavyosumbua zaidi ni vile ambavyo umbo la pili na la tatu havifanani: go, come, see, take, eat, drink, begin, break, forget, write. Hivi kumi tu ukivishika vizuri, makosa mengi yamekwisha.

Kuna nukta moja ambayo darasani mara nyingi hurukwa, nayo huwachanganya wale walio makini hasa. Mwalimu amekataza, tena kwa haki, "He has left yesterday", kwa sababu "has left" haikai pamoja na "yesterday". Kisha mwanafunzi anakutana na "He must have left yesterday" na kuambiwa ni sahihi. Vipi tena? Ni kwamba "have left" iliyo chini ya kisaidizi si ile "has left" ya siku zote. Hapa "have" ni alama ya wakati uliopita wa aina yoyote, kwa kuwa hakuna nyengine. "He left yesterday" inakuwa "He must have left yesterday". "He has already left" inakuwa "He must have already left". "He had left before we came" nayo inakuwa "He must have left before we came". Aliondoka, ameondoka, alikuwa ameondoka: zote tatu zimemezwa na umbo moja. Anayetoka Kiswahilini hana haja ya kuchagua kati ya li na me hapa. Ni moja ya sehemu chache ambazo Kiingereza kimeturahisishia, na ni vyema kuipokea bila kuuliza sana.

Uzito wa kila kisaidizi

Vitabu vingine huweka asilimia: "must" ni 95, "may" ni 50, "might" ni 30. Sisi hatuoni faida yake. Hakuna anayehesabu asilimia akiwa anamtafuta mtoto aliyechelewa kurudi chuoni. Kinachoamua kisaidizi ni ushahidi ulionao mkononi.

"May have", "might have" na "could have" ni za mtu asiye na ushahidi wa kutosha kuegemea upande wowote. Ndizo huenda, labda, pengine, yumkini. "Might" huwa nyepesi kidogo kuliko "may", lakini katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo ni ndogo mno, usijiumize kichwa nayo.

"Must have" ni ya mtu aliyeona dalili akafikia uamuzi. Unaamka, barabara ya Mwanakwerekwe imelowa, madimbwi kila pahala: "It must have rained in the night." Kiswahili chake ni "hakosi kuwa imenyesha", "itakuwa imenyesha", "bila shaka imenyesha". Lakini zingatia hili, kwa sababu ndipo watu wanapotelezea: "must have" ina nguvu, ila haifiki sentensi tupu. "It rained" ina nguvu zaidi, kwa kuwa aliyesema hivyo ameiona mvua au ana hakika nayo. Anayesema "It must have rained" anakiri papo hapo kwamba hakuiona. Kwa hiyo shahidi akiandikisha maelezo kwa Kiingereza juu ya ajali aliyoishuhudia kwa macho yake, asiseme "The driver must have turned left" kwa kudhani anatia mkazo. Ameudhoofisha ushahidi wake mwenyewe. Aseme "The driver turned left", basi.

Na ile "atakuwa" yetu je? "Atakuwa keshafika" ina ta ya wakati ujao, nayo haizungumzii ujao hata kidogo. Inakisia jambo lililokwisha. Kwa bahati Kiingereza kina mwenzake: "He'll have arrived by now." Kosa la "He will be arrived" linatokana na kutafsiri "atakuwa" neno kwa neno, ilhali kinachohitajika baada ya "will" ni ile ile "have" na umbo la tatu.

Hapo inafaa kuweka tatu pamoja, maana zote hutoka katika "boti itakuwa imefika" moja. Ukitazama ratiba, boti huingia bandari ya Mkoani, Pemba, saa tano, na sasa ni saa sita: "The boat will have arrived by now." Umekisia kwa kuujua utaratibu. Ukiwaona watu wanapanda kutoka gatini na maboksi na magunia yao: "The boat must have arrived." Umekisia kwa dalili iliyo mbele yako. Na ikiwa ratiba inasema saa tano, lakini mwenzako wa Mkoani hajapiga simu na bahari leo ina mawimbi: "The boat should have arrived by now." Hii ya tatu ina wasiwasi ndani yake. Ni "ilitakiwa iwe imefika", na msikilizaji tayari anangoja "lakini".

Kukanusha

Hapa ndipo penye kazi, na hapa tutakaa.

Kiswahili kinaruhusu "lazima hakusikia", na mwanafunzi anaona jibu ni "He mustn't have heard". Marekani utasikia "He must not have heard me", bila kufupishwa, nayo kwao ni ya kawaida. Katika Kiingereza cha Uingereza, kinachofuatwa skulini kwetu, kinyume cha "must have" ni "can't have": "He can't have heard me." Ajabu ni kwamba "can" hii haina mwenzake wa kukubali. Huwezi kusema "He can have heard me" ukikisia. Inakuwepo kwenye kukanusha, "He can't have heard", na kwenye swali, "Where can he have gone?", kwengine haionekani. Anayetaka kukubali anachukua "could", "may" au "might".

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa sababu halionekani. "May not have" na "can't have" zote zina "not", na mtu hudhani ni ndugu. Si ndugu. Chukua karafuu. Zimeanikwa juu ya majamvi uwanjani, kisha mwenye mali anaulizwa kama zimefikia kuuzwa. Akisema "The cloves may not have dried", anasema huenda hazijakauka: jua lilikuwepo, wingu nalo lilikuwepo, hajui, inawezekana zimekauka na inawezekana bado. Akisema "The cloves can't have dried", anasema haiwezekani kuwa zimekauka: zimeanikwa juzi tu, jana imenyesha mchana kutwa, na ukiikunja moja kwa vidole inapinda badala ya kuvunjika kwa mlio. Sentensi ya kwanza inamwambia mnunuzi njoo uangalie. Ya pili inamwambia usihangaike.

Sababu yake ni pale "not" inapogonga. Katika "may not have dried" neno "not" linakanusha kukauka: inawezekana kwamba hazikukauka. Katika "can't have dried" linakanusha uwezekano wenyewe: haiwezekani kwamba zimekauka. Kiswahili huonyesha jambo hili waziwazi kwa sababu kukanusha hukaa kwenye neno lake. Ni "huenda hazikukauka" upande mmoja, na "haiwezekani kuwa zimekauka" upande wa pili. Kabla ya kuandika Kiingereza, jiulize tu hapana yako iko kwenye neno lipi.

Na "could"? Hiyo ni ndumilakuwili. Ikiwa bila "not" inakaa na "may": "They could have dried", huenda zimekauka. Ikitiwa "not" inahamia kambi ya "can't": "They couldn't have dried", haiwezekani. "Might" haihami, "might not have" ni huenda ha-. Kwa hiyo anayetaka kusema "huenda hakuja" ana "may not have come" na "might not have come" tu. Akiandika "could not have come" amesema haikuwezekana aje, na kama ni barua ya kumtetea au kumshitaki mtu, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa wasiotaka visaidizi, "I don't think he came" inafaa, na inafanana na "sidhani kama alikuja" kwa kuwa lugha zote mbili huipeleka hapana kwenye kudhani. Ila "kama" hiyo isivuke maji. "I don't think if he came" na "I don't think like he came" zote ni makosa. Weka "that" au usiweke kitu.

Mtego wa "lazima"

Neno "lazima" lina sura mbili, na Kiingereza cha jana huzigawa kwa maneno mbalimbali. "Lazima aende" ya leo ni "He must go". Ipeleke jana: kama ni kulazimika, yaani ilimbidi aende, ni "He had to go". Kama ni kukisia, yaani hakosi kuwa kaenda, ni "He must have gone". Mtumishi aliyekosa kazini anamwandikia mkubwa wake: "I must have gone to the hospital yesterday." Alitaka kusema ilimbidi. Alichosema ni kuwa hakumbuki alikuwa wapi jana, lakini akizitazama dalili, hakosi kuwa alikwenda hospitali. Mtu hajikisii mwenyewe isipokuwa amesahau: "I must have left my keys in the daladala" ni sahihi, kwa sababu kweli hakumbuki.

"Should have" nayo ina sura mbili. Ile ya boti tumeshaiona. Nyengine, iliyo maarufu zaidi, ni ya lawama: "You should have told me", ulipaswa kuniambia, na hukuniambia. Hapo hakuna kukisia hata chembe. Kila kitu kinajulikana.

Jambo lililotokea na jambo ambalo lingetokea

"Might have" na "could have" zina kazi ya pili ambayo Kiswahili hutumia nge na ngali. "You might have drowned!" anaambiwa mtoto aliyetolewa majini akitweta. Hakuna anayekisia, mtoto yuko pale, kalowa chapachapa. Maana ni "ungezama". "She could have passed" ikiwa peke yake ina tafsiri mbili: huenda alifaulu, matokeo hatujayaona, au angaliweza kufaulu, lakini hakufaulu. Sikio hupata msaada kutoka kwenye kinachofuata. Ukisikia "if" au "but", ni ngali. Ukisikia "I don't know" au "let's check", ni huenda.

Maandishini msaada huo unaweza usiwepo, na ushauri wetu ni huu: jambo usilolijua, liandikie "may have". Waandishi waangalifu huiweka "may have" kwa jambo ambalo bado halijajulikana, na kuiachia "might have" lile lililopita bila kutokea. "The fishermen may have drowned" ni taarifa ya kutisha, watu wanatafutwa bado. "The fishermen might have drowned" inaweza kuwa hiyo hiyo, na inaweza kuwa wavuvi wamesharudi na wanakunywa chai. Wapo Waingereza wenyewe wanaozichanganya, lakini mwenye kuandika habari za chombo kilichopotea hana ruhusa ya kuwatia watu kwenye wasiwasi wa aina mbili.

Kuuliza na kujibu ni kwepesi. Huulizi kwa "may": "May he have gone?" haitumiki kwa kukisia. Uliza "Could he have gone?" au "Do you think he's gone?" Na jibu fupi hubakisha "have": "Did he take the key?" "He might have." "Was he at home?" "He must have been." Anayejibu "He might" tu atasikika anazungumzia kesho.

Usidondoshe "been". Simu haionekani, na mtu anasema "My phone must have stolen." Simu sasa ndiyo mwizi. Kiswahili hutofautisha "imeiba" na "imeibiwa" ndani ya kitenzi chenyewe, kwa vipande viwili vidogo, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba Kiingereza kinadai neno zima: "must have been stolen". Kwa jambo lililokuwa likiendelea pia ni "been": "He must have been sleeping when you called."

Kwa wanaotembeza wageni

Hakuna kazi hapa Visiwani inayohitaji Kiingereza cha kukisia kuliko ya kueleza mambo ya kale. Chukua msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kibla chake kina maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18. Anayesema "This building was built in 1107" amejumlisha vitu viwili tofauti, na mgeni aliyesoma kidogo atamkamata. Zigawe: "The inscription is dated 1107" ni jambo lililoandikwa, halihitaji kisaidizi. "Most of the building dates from the eighteenth century", vivyo hivyo. Kisha hoja inayotokana na hayo mawili: "So the inscription must have come from an older building." Maandishi ni makongwe kuliko kuta, basi hayakuanza na kuta hizi. Hiyo ndiyo "must have" iliyosimama kwa miguu yake.

Pujini, Pemba, mambo ni mengine. Huko kuna magofu ya ngome ambayo mapokeo huyaunganisha na mtawala Mkama Ndume. Chanzo ni simulizi, na Kiingereza kina muundo wake kwa hilo: "Mkama Ndume is said to have ruled from Pujini." Ndiyo "inasemekana alitawala". Angalia mitego miwili. Ukisema "is said to rule" umemfufua, anatawala hadi leo. Ni "to have ruled" inayompeleka zamani. Na ukisema "He is said that he ruled" umefuata "anasemekana kuwa alitawala", muundo ambao Kiingereza hakiujui. Ama "It is said that he ruled", ama "He is said to have ruled", usizichanganye. Namna hiyo hiyo hufanya kazi na "believed", "thought" na "reported", na pia na "seem" na "appear": "He seems to have left early", anaonekana aliondoka mapema.

Kisha kuna mambo ambayo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja kisiwa kiitwacho Menouthias katika pwani yetu. Wapo wanaosema ni Pemba, wapo wanaosema Unguja, na wapo wanaokipeleka Mafia. "Menouthias may have been Pemba, or it could have been Unguja or Mafia." Mpemba anayetembeza wageni anaruhusiwa kuiweka Pemba mwanzo. "Must have been" haruhusiwi.

Masikioni

Anayesoma sana na kusikiliza kidogo hupotea kwenye matamshi, kwa sababu "have" hii haitamkwi kikamilifu. "Must have" husikika kama "mastav", "might have" kama "maitav", "can't have" kama "kaantav". Hiyo "av" ndogo ndiyo wakati wote uliopita. Ikikupita, umesikia jambo la leo. Waingereza wengi wasiokuwa makini huiandika kama "of", kwa kuwa ndivyo inavyosikika, na "must of" imejaa kwenye ujumbe wa simu na mitandaoni. Ukiiona usiiige.

Barua moja

Mgeni amefika hotelini Nungwi usiku bila begi lake. Aliyeko mapokezi anamwachia barua chumbani:

"Dear Sir, your suitcase did not come with the evening car. It was on the trolley when you left the airport, so it can't have stayed on the plane. It may have been put in our other car, which took guests to Paje. Another guest's name is similar to yours, and the driver might not have read the label. He isn't answering his phone. He must have gone to bed. I should have checked the bags before you left. I am sorry."

Sentensi ya kwanza haina kisaidizi cha kukisia, kwa kuwa begi halikuja na hilo halina mjadala. "Can't have stayed" imebebwa na ushahidi wa kigari: mtu alikiona. "May have been put" haina ushahidi huo, ni njia moja kati ya kadhaa, na "been" ipo pahala pake. "Might not have read" imemwachia dereva nafasi. Ingelikuwa "can't have read", tayari ameshahukumiwa kabla ya kusikilizwa. "Must have gone to bed" ina saa tano ya usiku na simu isiyopokelewa nyuma yake. Na "should have checked" si kukisia, ni kukiri.

Asubuhi dereva anapiga simu kutoka Paje. Barua ya pili ni fupi, na visaidizi vyote vya kukisia vimeanguka: "Your suitcase was put in the other car. The driver did not read the label. It will be here by ten."